Jibu la mtaalamu: Mara ya kwanza kusikiliza Requiem ya Brahms kwenye tamasha

Swali la msomaji: "Nitahudhuria tamasha la muziki, na kati ya maonyesho yote nimevutiwa na usiku mmoja ambapo kwaya kubwa na okestra wataimba Ein deutsches Requiem ya Johannes Brahms. Naimba alto kwenye kwaya, lakini onyesho la aina hii sijawahi kuhudhuria, na Kijerumani sikijui. Nichukue kiti gani? Nijiandae vipi? Makofi yanapigwa lini? Naogopa pia kwamba katikati nitapotea, nichoke, nianze kuangalia saa."

Ndugu yangu, hofu yako ya kupotea ina dawa, nayo ni maneno. Kazi hii imejengwa yote juu ya maandiko, na msikilizaji anayejua kinachoimbwa, akiwa amekaa mahali anapokisikia vizuri, hana sababu ya kuangalia saa. Naanza na kiti, maana tiketi huisha haraka.

Kabla ya kuchagua kiti, soma jina la ukumbi. Tamasha moja hutumia kumbi nyingi kwa wiki moja, na watu hufika kwenye jengo lisilo lao dakika kumi kabla ya kuanza. Zaidi ya hapo, jengo ndilo linaloamua utasikia nini. Jumba lililojengwa kwa ajili ya muziki huwa na mwangwi wa takriban sekunde 2: sauti inapata unene, lakini maneno yanabaki. Kanisa kubwa la mawe linaweza kushikilia sauti kwa sekunde 5, 6 au zaidi. Hapo mahali pa polepole panapendeza mno, ila pale kwaya inapokwenda mbio neno jipya linatua juu ya neno ambalo halijazimika, na unabaki na wingu la sauti. Mwongozaji mwenye busara hupunguza mwendo akiwa kanisani, lakini hawezi kuuondoa mwangwi.

Ikiwa ni jumba la muziki, usikimbilie safu za mbele. Kwa kuimba kwa kwaya ni viti vibaya, hata vikiuzwa ghali. Kwaya husimama nyuma ya okestra, juu ya ngazi. Ukikaa safu ya pili au ya tatu, utasikia fidla zilizo karibu nawe, utaona viatu vya mwongozaji, na sauti ya kwaya itakupita juu ya kichwa. Rudi nyuma mpaka katikati ya ukumbi, tuseme kuanzia safu ya 10 hadi ya 20 kulingana na ukubwa wake. Bora zaidi ni safu za mbele za roshani ya kwanza, ukitazama jukwaa moja kwa moja: unaiona kwaya yote, na sauti zake nne zinakufikia zikiwa zimeshachanganyika na okestra kwa kipimo chake. Roshani ya juu kabisa pia si mbaya kama watu wanavyodhani. Utawaona waimbaji wadogo, lakini mara nyingi sauti hupanda vizuri, na tiketi zake huwa za bei ya chini.

Mahali pa kuepuka ni chini ya roshani, ndani sana. Kuanzia safu ya nne au ya tano kwenda ndani, dari ya roshani hukata sauti inayorudi kutoka juu ya ukumbi, na muziki unasikika kama unatoka chumba cha pili. Viti vya pembeni karibu na jukwaa vina shida nyingine: unaweza kujikuta jirani wa tromboni au wa timpani, zile ngoma kubwa za shaba, na kwaya ikabaki nyuma yake. Baadhi ya kumbi huuza pia viti vya nyuma ya jukwaa, vinavyotazamana na mwongozaji. Kwa muziki wa okestra pekee ninavipenda sana. Kwa kwaya, hapana. Sauti ya mwimbaji hutoka mbele ya uso wake, na ukiwa nyuma yake irabu zinabaki lakini konsonanti zinapotea, yaani unasikia wimbo usio na maneno.

Ikiwa ni kanisa, tafuta theluthi ya mbele ya viti vya katikati. Hapo sauti inayokujia moja kwa moja bado ina nguvu kuliko ile inayorudi kutoka kwenye kuta. Ukisogea nyuma uwiano huo unageuka, na kadiri unavyozidi kurudi ndivyo maneno yanavyoyeyuka. Jihadhari na nguzo. Tiketi inaweza kuandikwa kwamba kiti hakioni jukwaa vizuri, na mtu akajisemea kwamba yeye amekuja kusikia, si kuona. Lakini nguzo nene huziba pia masikio. Sauti za chini huizunguka bila shida, ila zile za juu, ambamo ndimo zilimo s, t na k, hukwama. Makanisa mengi hayana viti vyenye namba. Kama tiketi yako haina namba, uwe mlangoni wakati milango inapofunguliwa.

Jambo moja lisikushangaze ukiwa nyuma. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 34 kutoka jukwaani, utaiona fimbo ya timpani ikitua, na mlio utafika baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wapiga ala hawajachelewana.

Sasa maneno. Jina Requiem linamfanya mtu ategemee misa ya wafu ya Kilatini, yenye siku ya hasira na hukumu. Hii si hiyo. Brahms, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1833, alichagua mwenyewe mistari kutoka Biblia ya Kijerumani ya Martin Luther na kuipanga katika sehemu saba. Misa ya Kilatini humwombea marehemu. Mistari ya Brahms inaongea kwanza na waliobaki. Mama yake alifariki Februari 1865, na sehemu kubwa ya kazi aliiandika katika miaka mitatu iliyofuata. Kwa kuwa maneno yote ni ya Biblia, tafsiri unayo tayari nyumbani, tena kwa lugha unayoijua tangu utotoni. Chukua karatasi moja uandike mistari hii kwa mkono.

Sehemu ya kwanza ni Mathayo 5:4 na Zaburi 126:5 na 6: heri wenye huzuni, maana hao watafarijika, wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha. Ya pili ni 1 Petro 1:24 na 25, Yakobo 5:7 na Isaya 35:10: mwili wote ni kama majani, kisha yule mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho, kisha waliokombolewa wanarudi wakiimba. Ya tatu ni Zaburi 39:4 hadi 7, ikimalizika na Hekima ya Sulemani 3:1, kwamba roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu. Ya nne ni Zaburi 84, mistari ya 1, 2 na 4. Ya tano inachanganya Yohana 16:22, Yoshua bin Sira 51:27 na Isaya 66:13. Ya sita ni Waebrania 13:14, 1 Wakorintho 15:51, 52, 54 na 55, na Ufunuo 4:11. Ya saba ni Ufunuo 14:13, heri wafu wafao katika Bwana.

Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Kitabu cha programu kitakachouzwa mlangoni kinaweza kuonyesha Zaburi 39:5 hadi 8, na Zaburi 84:2, 3 na 5. Hakuna aliyekosea: Biblia ya Kijerumani inahesabu maneno ya utangulizi wa zaburi kuwa mstari wa kwanza, kwa hiyo namba zake zinatangulia zetu kwa moja. Na ukiitafuta Hekima ya Sulemani au Yoshua bin Sira usiipate, ni kwa sababu Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina vitabu hivyo. Tafuta yenye deuterokanoni, yaani vitabu hivyo vya ziada.

Mistari ikishakuwa mkononi, sikiliza kazi nyumbani kabla ya siku, lakini si yote kwa mkupuo mmoja. Kazi nzima inachukua dakika 65 hadi 80 kulingana na mwongozaji, na anayeisikiliza mara moja huku akipika hajajiandaa. Chukua sehemu moja kwa siku, siku saba, kila sehemu mara mbili: mara ya kwanza ukifuata karatasi yako, mara ya pili ukifumba macho. Zipo rekodi nyingi. Ile ya Otto Klemperer ya mwaka 1961 na okestra ya Philharmonia ni nzito na pana. Ya John Eliot Gardiner na Monteverdi Choir ina wepesi na maneno yanatoka wazi zaidi. Kwa anayeanza, ya pili itakusaidia kuyashika maneno. Wewe unaimba alto, kwa hiyo nenda mbele hatua moja: Brahms alifariki 1897 na nota zake hazina tena mwenye haki, na nakala za matoleo ya zamani zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Pakua nota za waimbaji zenye kinanda, ufuate mstari wa alto. Hata kama umezoea do-re-mi na nota za mistari zinakusumbua, macho yako yataona mstari ukipanda na kushuka, na masikio yatajifunza kuitafuta alto ndani ya kundi. Usiku wa onyesho utakuwa na kamba ya kushika kila mambo yatakapokuwa mengi.

Siku yenyewe, angalia mapema kama kuna mapumziko. Requiem hii huimbwa bila kukatwa. Wakati mwingine ndiyo onyesho zima, na wakati mwingine hutanguliwa na kazi fupi, halafu mapumziko ya takriban dakika 20, ndipo inafuata. Hii ni habari ya muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu anayechelewa huingizwa tu pale penye nafasi, na kwa kazi isiyo na mapumziko nafasi hiyo inaweza isiwepo. Fika dakika 45 kabla. Begi kubwa na koti la mvua mara nyingi huachwa chumba cha mizigo, na foleni yake haina huruma. Nenda msalani hata kama hujisikii haja. Kanisa la mawe lina baridi hata nje kukiwa na joto, na mabenchi yake ni magumu. Beba sweta, na kitu cha kukalia ikiwezekana. Kuhusu mavazi usihangaike: nguo safi za kawaida zinatosha karibu kila mahali. Viatu visivyolia sakafuni ni vya maana kuliko tai.

Simu uizime kabisa, isibaki kwenye mtetemo. Mtetemo juu ya benchi la mbao unasikika safu tano, na kengele ya kuamsha hulia hata simu ikiwa kimya. Kurekodi hairuhusiwi, na mwanga wa kioo unawasumbua walio nyuma yako. Kama kikohozi kinakusumbua, kunywa maji kabla ya kuingia, pipi uzifungue karatasi kabla muziki haujaanza, na kikikubana kohoa ndani ya kitambaa wakati timpani na tromboni zinapopiga kwa nguvu. Ukurasa wa programu nao una sauti. Ugeuze polepole, na subiri sehemu iishe.

Waimbaji na wapiga ala wanaingia kwanza. Kisha obo, ala ya kupuliza, inatoa noti ya la, wote wanalinganisha ala zao, kimya kinaingia, na mwongozaji anakuja na waimbaji wawili wa solo, yaani wanaoimba peke yao: soprano, sauti ya juu ya kike, na baritoni, sauti ya kati ya kiume. Makofi hapo ni sawa. Usishangae soprano akikaa nusu saa na zaidi bila kufungua mdomo: wimbo wake uko sehemu ya tano tu. Kuna waongozaji wanaomleta jukwaani baadaye.

Sehemu ya kwanza inaanza chini sana, besi zikidunda noti ileile. Angalia fidla: wapigaji wamekaa na ala zao mapajani. Brahms aliwanyamazisha sehemu nzima, ndiyo maana rangi ya sauti ni ya kahawia, ya viola na selo, ndugu wakubwa wa fidla wenye sauti ya chini. Kwaya inaingia kwa upole na neno Selig, heri. Hapa ndipo unapoweza kupima kwaya bila kujua Kijerumani. Lipo neno getröstet, watafarijika, linaloishia na t. Sikiliza kama t hiyo inatoka mara moja kwa watu wote, au inamwagika kama punje za mahindi sakafuni. Kwaya yenye mafunzo humtazama mwongozaji kwa ajili ya kufunga neno kama inavyomtazama kwa ajili ya kuanza.

Sehemu ya pili ndiyo inayowakamata wengi. Inakwenda kwa hatua za maziko, lakini kwa mapigo matatu, kwa hiyo mguu haupati pa kutua. Kwaya inaimba maneno ya majani yanayokauka kwa mdundo mmoja, chini na kwa siri, timpani zikigonga kwa mbali. Usistarehe. Muziki uleule unapanda polepole mpaka unarudi kwa nguvu zote, timpani mbele, na mahali hapo hata aliyesinzia huketi wima. Baada yake anakuja mkulima wa Yakobo, na Brahms anafanya jambo dogo la ajabu: inapotajwa mvua, filimbi na kinubi zinadondosha noti fupi fupi, matone yenyewe. Ni sekunde chache. Weka alama kwenye karatasi yako ili yasikupite. Hatua za maziko zinarudi mara ya pili, kisha kwaya inageuza ukurasa kwa tangazo kubwa kwamba neno la Bwana hudumu hata milele, na sehemu inakwenda mbio kwa furaha kabla ya kutulia.

Ya tatu anaianza baritoni, akiomba ajulishwe mwisho wake, na kwaya inarudia maneno yake kama kusanyiko linalojibu. Mwishoni kuna fyuga, yaani sauti moja inatoa wimbo, nyingine inaudaka, ya tatu na ya nne zinafuata huku za kwanza zikiendelea na mambo yao. Usijaribu kufuata zote nne. Isubiri alto iingie, uishike hiyo. Chini ya fyuga yote, besi za okestra na timpani zinashikilia noti moja tu, re, tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno ni kwamba roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu, na re hiyo haiondoki mkononi. Ni mahali pa hatari kweli. Tarehe 1 Desemba 1867 huko Vienna, sehemu tatu za kwanza zilipoimbwa, mpiga timpani alipiga re hiyo kwa nguvu mwanzo hadi mwisho, kwaya ikafunikwa, na baadhi ya wasikilizaji wakazomea. Kwa hiyo usiku wako, ukisikia re bila kuacha kusikia maneno, ujue mwongozaji amepima vizuri.

Ya nne ni fupi, dakika tano au sita, zaburi ya maskani zinazopendeza. Pumzisha masikio. Ya tano ni ya soprano, na ndiyo ya mwisho kuandikwa. Onyesho la kwanza kubwa, katika kanisa kuu la Bremen Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868, lilikuwa na sehemu sita; hii aliiongeza baadaye, na zote saba zikaimbwa Leipzig Februari 1869. Soprano anaelea juu, kwaya chini yake inanong'ona ahadi ya Isaya ya kufarijiwa kama mtu anavyofarijiwa na mama yake. Kwaya nyingi hukosea hapa kwa kuimba kwa sauti nene na kumfunika. Inatakiwa isikike kama pumzi.

Ya sita inaanza na watu wanaotembea: hapa hatuna mji udumuo. Baritoni anasimama kutoa siri ya Paulo, na inapotajwa parapanda ya mwisho tromboni na tuba zinaingia, halafu kwaya inalipuka ikimuuliza mauti uko wapi uchungu wake. Ni dakika kali kuliko zote. Swali hilo linarudiwa, linasukumwa, mpaka ufunguo wa muziki unageuka kutoka mdogo, wenye giza, kuwa mkubwa, wenye mwanga, na fyuga nyingine inaanza. Mwisho wake ni mkubwa, wa ushindi, kila mtu jukwaani anatoa alichonacho.

Na hapo ndipo watu wanapojiaibisha, maana kila kitu mwilini kinakuambia kazi imekwisha. Haijakwisha. Kwa desturi makofi hayapigwi kati ya sehemu, bali mwisho tu, na katika kazi hii mitego ni miwili: mwisho wa sehemu ya tatu na mwisho wa sehemu ya sita. Hesabu sehemu kwenye karatasi yako, uziwekee alama moja baada ya nyingine. Kwenye Proms, tamasha la muziki la London lililoanza 1895 na ambapo wasikilizaji wengi husimama wima mbele ya jukwaa, mara nyingi utasikia makofi kati ya sehemu na hakuna anayefukuzwa. Lakini katika Requiem hii makofi ya katikati yanaharibu kitu halisi, kwa sababu ile sauti kubwa ya sita imeandaliwa ili ya saba iingie baada yake.

Ya saba wanaianza soprano wa kwaya, Selig sind die Toten, na besi wanawajibu. Kumbuka watu hawa wameimba kwa takriban saa moja. Kwaya imo katika sehemu zote saba, haina hata moja ya kupumzika. Ukisikia sauti za juu zikianza kushuka kidogo chini ya noti, ni uchovu huo. Kwaya nzuri imejibania nguvu katika ya sita ili ya saba isimame. Karibu na mwisho utatambua muziki wa sehemu ya kwanza umerudi, na neno la mwisho ni lile la kwanza, selig, kwa sauti ya chini, kinubi kikipanda.

Baada ya noti ya mwisho usifanye chochote. Mtazame mwongozaji. Mikono yake ikiwa bado hewani, onyesho linaendelea, hata kama hakuna anayeimba. Kanisani sauti yenyewe itachukua sekunde kadhaa kuzimika darini, na kuisikiliza ikizimika ni sehemu ya tiketi yako. Mikono ikishuka, piga makofi.

Kuhusu kuchoka: usichukue onyesho jingine mchana wa siku hiyo, hata kama tiketi ya tamasha inakuruhusu kuingia yote. Masikio huchoka kama miguu. Badala yake, uliza kama kuna mazungumzo ya maelezo kabla ya onyesho, au mazoezi ya wazi. Mazoezi ya wazi ni mazuri sana kwa mwanakwaya, kwa sababu utamsikia mwongozaji akiwarudisha waimbaji kwenye mahali palepale mara tatu na utajua tatizo lilikuwa nini. Fahamu tu kwamba ukumbi mtupu una mwangwi mrefu zaidi. Watu na nguo zao hunyonya sauti, kwa hiyo usiku itakuwa kavu kidogo na maneno yatakuwa wazi zaidi.

Makofi yatakuwa na utaratibu wake. Waimbaji wa solo watainama kwanza, halafu mwongozaji atawasimamisha wapiga ala kwa makundi, kisha kwaya. Kwa kwaya ongeza makofi bila kujizuia. Mara nyingi atapanda jukwaani mtu mmoja ambaye hukumwona usiku kucha: mwalimu wa kwaya. Huyo ndiye aliyekaa nao wiki nyingi akisafisha ile t ya getröstet, wakati mwongozaji mara nyingi hukutana nao siku chache za mwisho. Mpigie na yeye.